Bahari iliyofichwa ndani ya jina

"Mjomba, nguva ana nywele?"

Mpwa wangu ana miaka sita. Ijumaa ile jioni alikuwa amejilaza mkekani barazani, kitabu cha picha amekifunua mbele yake, kidole amekibandika juu ya msichana mwenye nywele nyekundu zilizomfika kiunoni. Kutoka kiunoni kwenda chini, msichana huyo alikuwa samaki mwenye magamba ya kijani. Kando ya picha mfasiri alikuwa ameandika neno moja: nguva.

Sikuwahi kujibu. Baba yangu, aliyekulia Kilwa na kuvua kwa jarife tangu hajaota ndevu mpaka magoti yalipomkatalia, alinitangulia.

"Nywele hana, mjukuu wangu. Ana sharubu. Mdomo mpana umeinama chini, umejaa vinyweleo vigumu kama brashi ya kufulia. Ngozi ya kijivu. Na mwanawe anamnyonyesha, kama mama yako alivyokunyonyesha wewe."

Mtoto akaitazama picha, akamtazama babu yake, akarudi kwenye picha. "Basi huyu si nguva."

"Huyo mimi simjui," baba akasema.

Nami niligundua kwamba simjui. Nimemwona kwenye filamu, kwenye vikombe, kwenye mikoba ya shule, lakini sijawahi kujiuliza katokea wapi na jina lake lina nini ndani. Usiku ule nikaketi na kamusi, na siku kadhaa baadaye nilikuwa bado sijainuka.

Waingereza humwita "mermaid". Ni neno la kuungwa, vipande viwili vilivyoshonwa pamoja. Kipande cha pili hakimsumbui mtu aliyepita darasani: "maid" ni binti, mwali, msichana ambaye hajaolewa. Kwa karne nyingi ndiyo ilikuwa maana yake, kabla haijateremka na kuwa jina la mfanyakazi wa ndani. Kipande cha kwanza ndicho kilichonikesha. "Mer" ni nini? Katika Kiingereza cha leo hakisimami peke yake. Huwezi kukitumia sokoni, wala bandarini, wala kwenye barua.

Zamani kilisimama. Katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa na Waanglo na Wasaksoni kabla Wanormani hawajaivamia nchi yao mwaka 1066, neno "mere" lilikuwa na maana ya bahari, na pia ziwa. Ndugu zake wametapakaa Ulaya nzima: Walatini walisema "mare", Wajerumani husema "Meer", Warusi "more", watu wa Wales "môr". Kwa hiyo "mermaid" ni binti wa bahari. Lakini Waingereza walikuwa na neno jingine la bahari, lile ambalo leo ni "sea", na maneno mawili yanayogombea kazi moja huwa hayakai pamoja muda mrefu. "Sea" likaichukua bahari yote. "Mere" likabaki na maziwa, kisha na madimbwi, mwisho likabaki hasa kwenye majina ya mahali, kama Windermere na Grasmere, maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza.

Watu wengi wakitaja ziwa la kwanza husema "Ziwa Windermere", wasitambue kwamba wamesema ziwa mara mbili. Sisi tusiwashangae. "Nyasa" kwa Wayao ni ziwa, eneo kubwa la maji. Kila tunaposema Ziwa Nyasa tunasema Ziwa Ziwa, na hakuna anayejikwaa.

Waholanzi yaliwakuta makubwa zaidi. Kwao "meer" ilisinyaa ikawa ziwa, na bahari ikawa "zee". Binti wa bahari walikuwa wakimwita "meermin". Bahari ilipopotea masikioni mwa watu, ikabidi iongezwe upya kwa mbele: "zeemeermin", bahari juu ya bahari ya zamani iliyokwisha kusahauliwa. Waingereza hawakuongeza kitu. Waliliacha neno lao likaendelea kubeba bahari ambayo hakuna tena anayeiona, na hilo ndilo lililonigusa kuliko yote niliyosoma. Maana iliyokufa kila mahali pengine imehifadhiwa hai ndani ya jina la kiumbe ambaye hajawahi kuishi.

Kabla ya "mermaid" palikuwa na dada zake wakubwa. Katika orodha za maneno ambazo watawa wa Kisaksoni waliziandika kujisaidia kusoma Kilatini, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, neno la Kilatini la "siren" limefasiriwa kwa neno la kuungwa lenye "mere" mwanzoni na mwanamke mwishoni. Na katika Beowulf, utenzi mkubwa wa Kiingereza cha Kale, yumo mwanamke anayeitwa "merewif", yaani mwanamke wa majini. Huyu hana kitana wala wimbo kama mabinti wa hekaya. Ni mama wa jitu Grendel, anaishi chini ya maji meusi, na anatoka usiku kulipiza kisasi cha mwanawe aliyeuawa. Utenzi huo umebaki katika hati moja tu ya mkono, iliyoandikwa karibu na mwaka 1000, na mwaka 1731 hati hiyo iliponea chupuchupu nyumba ilipoungua moto. Kingo zake ni nyeusi mpaka leo. Ukurasa ungeungua kidogo zaidi, tungempoteza bibi huyo wa majini pamoja na jina lake.

Sasa hao "siren" wenyewe. Katika Odisi ya Homer wanaimba, na kila baharia anayewasikia anaangamia, ndiyo maana Odysseus aliwaziba mabaharia wake masikio kwa nta na yeye mwenyewe akafungwa kwenye mlingoti ili asikie bila kufa. Homer hasemi wana maumbo gani. Wachoraji wa vyungu wa Ugiriki walijibu kwa niaba yake, na jibu lao halina samaki hata kidogo: waliwachora kama ndege wenye vichwa vya wanawake. Mabawa, kucha, manyoya.

Nani basi aliwavisha mkia wa samaki? Maandishi ya kwanza yanayojulikana kuwaeleza hivyo ni kitabu cha Kilatini kiitwacho Liber Monstrorum, kitabu cha viumbe vya kutisha, kinachokisiwa kuandikwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa karne ya 8. Hapo "siren" ni mabinti wa baharini, wanawake mpaka kitovuni, na chini wana mikia ya magamba. Nadhani lugha ilishiriki katika hilo. Mtu ambaye kinywani mwake kiumbe huyu anaitwa "mwanamke wa bahari" hawezi kuendelea kumwona juu ya mti akipukuta manyoya. Jina lilimvuta majini.

Kufikia wakati wa Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, "mermaid" lilikuwa neno la kawaida. Katika mojawapo ya Hadithi za Canterbury, jogoo anayeitwa Chauntecleer anawika kwa furaha kuliko "mermaid" wa baharini. Na katika tafsiri ya utenzi wa Kifaransa wa Waridi, ambayo sehemu yake ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Chaucer, mfasiri anasimama kidogo na kumweleza msomaji kwamba viumbe hawa sisi huku huwaita hivi, kama ilivyo desturi yetu kwa Kiingereza, na Ufaransa huwaita vile. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu usiku, kwa furaha. Zaidi ya miaka 600 iliyopita mfasiri mmoja alikuwa na kiumbe huyuhuyu mkononi, lugha mbili mbele yake, akiamua ampe jina gani. Ni kazi ileile aliyoifanya yule aliyeandika "nguva" kando ya picha ya mpwa wangu.

Magharibi kabisa mwa Uingereza, Cornwall, kuna kijiji kiitwacho Zennor, na katika kanisa lake la Mtakatifu Senara kuna kiti cha mbao. Ubavuni mwake amechongwa binti huyu. Fundi aliyemchonga aliishi miaka 500 au 600 iliyopita. Mbao imekuwa nyeusi, uso wa binti umefifia kwa kulika, lakini magamba ya mkia bado yamepangwa moja baada ya jingine, kitovu kinaonekana, na mikono yote miwili ameiinua: mmoja umeshika kitana, wa pili kioo. Wenyeji husimulia kwamba mwanamke mgeni alizoea kuja kanisani hapo kusikiliza sauti ya kijana mwimbaji, Mathew Trewhella, mpaka siku moja wakateremka wote wawili kuelekea ufukweni na kijana hakuonekana tena.

Cornwall ilikuwa na lugha yake, ndugu wa lugha ya Wales. Katika lugha hiyo binti huyu ni "morvoren", "mor" ikiwa ni bahari na sehemu iliyobaki ikiwa ni msichana. Maana ileile, ushonaji uleule. Kikorniki kilipozimika vinywani mwa watu katika karne ya 18 na Kiingereza kikashika nafasi yake, wanakijiji walirithi neno "mermaid" ambalo bahari yake ilikwishakauka. Sikio la mtu halipendi kipande kisicho na maana. Wakakigeuza. Wakaanza kumwita "merrymaid", yaani binti mwenye furaha. Wataalamu huliita jambo hilo etimolojia ya kienyeji; mimi siwezi kuliita kosa. Watu waliona kibuyu kitupu wakakijaza.

Ndugu yake wa kiume, "merman", alikuja baadaye sana, ameundwa kwa kufuata mfano wa binti. Na jina "mermaid" lenyewe halikuwa la sifa njema siku zote. Mwaka 1567, mume wa Malkia Mary wa Scotland alipouawa na watu wakamshuku malkia, kulibandikwa Edinburgh picha iliyomwonyesha akiwa "mermaid" mwenye taji. Kila aliyepita alielewa: wakati ule neno hilo lilitumika pia kumsema mwanamke anayeuza mwili wake.

Mabaharia nao walikuwa na habari zao. Tarehe 9 Januari 1493, karibu na kisiwa ambacho leo kina Haiti na Jamhuri ya Dominika, Christopher Columbus aliandika kwamba aliona "siren" watatu wakiinuka vizuri juu ya maji. Akaongeza kwamba si wazuri kama wanavyochorwa, na kwamba wengine alikwishawaona pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Alichokiona, kwa makubaliano ya karibu wote, ni wanyama wa jamii ya nguva wa upande wa Atlantiki, wenye mkia wa mviringo kama mwiko. Nguva wetu wa Bahari ya Hindi mkia wake umegawanyika kama wa pomboo. Ukiwaweka kando ya picha ya kitabuni, wa kwetu ndiye anayemkaribia binti zaidi, walau kwa nyuma.

Mwaka 1811 mwanasayansi wa Ujerumani, Johann Illiger, alipowapanga wanyama hawa katika oda yao, aliwapa jina Sirenia. Kwa njia hiyo jina lililoanza kwa ndege wa Wagiriki, likahamia kwa samaki wa watawa, likatua juu ya mnyama anayenyonyesha na kula majani. Huko Ulaya jina lilisafiri kutoka hekaya kwenda kwa mnyama.

Huku kwetu linasafiri kinyume, na hapa ndipo swali la mpwa wangu linaponirudia. Nguva alikuwa mnyama kwanza. Wavuvi wa Lamu, Mafia, Rufiji na Kilwa hawakumtoa kitabuni. Walimkuta kwenye nyasi bahari akila, wakasikia pumzi yake anapoibuka. Kwa hofu za majini walikuwa na neno jingine, chunusi, yule anayevuta watu chini. Ndipo filamu na vitabu vya watoto vikaja na binti mwenye mkia, akahitaji jina la Kiswahili, akapewa la mnyama. Hatuko peke yetu. Wamalei humwita mnyama "duyung", ndugu wa jina la kitaalamu "dugong". Lakini wao pia binti wa hekaya humwita "putri duyung", binti mfalme nguva. Tofauti ni kwamba wao waliongeza neno la kuwatenganisha. Sisi tuliwaunganisha.

Waswahili wa Kongo walifanya lao. Katika miji ya Katanga, Lubumbashi hasa, miaka ya 1970 wachoraji wa mtaani waliuza picha nyingi za mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, na watu walizitundika sebuleni. Jina lake ni mamba muntu. Ni neno la kuungwa kama lile la Waingereza, lakini halina bahari wala ubikira ndani yake: mamba, na mtu. Nchi ya mito imempa mnyama wa mito. Husimuliwa kwamba anayepata unywele au kitana chake atajiwa usingizini, atatajirishwa, na atatakiwa afunge mdomo. Kitana tena, kama Zennor. Sina haja ya kulazimisha undugu kati ya kiti cha Cornwall na sebule ya Lubumbashi. Afrika Magharibi na ya Kati ina Mami Wata wake, na picha za Ulaya zilifika huko kwa meli. Ninachokipenda ni kwamba mtu wa Katanga alipolitafuta jina, hakuazima. Alishona mwenyewe.

Kama ningeulizwa, nasi tungeshona letu. Wapo wanaosema samaki mtu, na hilo silipendi, kwa kuwa linamsukuma nguva halisi aonekane samaki, naye si samaki. Kiswahili kina mwanamaji, kina mwanamwali. Hakishindwi na bintibahari. Tungekuwa tumempa binti jina lenye bahari inayosikika, ile ambayo Waingereza waliipoteza njiani, na nguva angerudishiwa la kwake.

Anahitaji arudishiwe. Nguva aliyekomaa hufika mita 3 na kilo 400. Huishi mpaka miaka 70, lakini jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Mnyama wa namna hiyo havumilii kuvuliwa. Akinaswa na jarife hafi kwa jeraha; hufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu lazima aibuke avute hewa na wavu haumwachii. Desemba 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, waliokomaa wakikadiriwa kutofika 250. Wengi wa waliobaki wako Bazaruto, Msumbiji. Sheria yetu inakataza kumvua, na ni vizuri, lakini wavu hausomi sheria.

Jamaa yake mkubwa alikwishatangulia. Mwaka 1741 Georg Steller, daktari na mtaalamu wa viumbe, alimkuta katika Bahari ya Bering mnyama wa jamii hii mwenye urefu uliopita mita 7, mpole, asiyeweza kuzama vizuri. Wawindaji wakamgeuza kitoweo cha safari. Kufikia mwaka 1768 alikuwa amekwisha, miaka 27 tu. Limebaki jina, ng'ombe bahari wa Steller, na mifupa.

Nilimweleza baba hayo yote Jumapili, yeye akiwa na chai, mimi na karatasi zangu. Alisikiliza habari za Waingereza kwa adabu. Habari za hesabu ya 250 zilimkalisha kimya. Kisha akasema kwamba wa mwisho kumwona yeye alikuwa jike, walimkuta alfajiri ndani ya jarife, amekwisha kufa, na mtoto wake alikuwa bado anazunguka mashua. "Aliibuka, akapumua, akazama. Akaibuka tena. Nahodha akatuambia tusimwangalie." Mimi wakati huo nilikuwa sijaanza shule. Hakuwahi kunisimulia.

Mpwa wangu alikuwa amesikia. Alileta daftari lake la hesabu na kalamu ya risasi, akamwomba babu amchore huyo mtoto. Baba hajui kuchora. Alichora kitu kama kiazi kitamu, akakiwekea vikono viwili vifupi, mkia wa panda mbili, jicho dogo kama nukta, na mdomoni mistari mingi ya sharubu, moja moja, bila haraka. Aliporudisha daftari, mtoto aliikagua kazi kwa muda, akachukua kalamu, akamwongezea nywele.

Baba akaziacha.